Mchezaji Aliyekatazwa Kwenda Angani
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mkataba ni karatasi ya kuchosha. Wengi wetu tukipewa karatasi ya namna hiyo hutafuta mahali pa kutia sahihi, tukatia, basi. Lakini mwaka 1999 klabu moja ya mpira wa miguu ya kaskazini ya Uingereza, iitwayo Sunderland, ilitia katika mkataba wa mchezaji wake mpya jambo ambalo si la kawaida hata kidogo: kwamba mchezaji huyo haruhusiwi kwenda angani. Si kupanda ndege, maana ndege wachezaji wa Ulaya hupanda kama sisi tupandavyo basi. Ni angani hasa, juu kupita hewa tunayovuta, wanakokwenda wanaanga.

Mchezaji mwenyewe anaitwa Stefan Schwarz, Mswidi, aliyezaliwa katika mji wa Malmö tarehe 18 Aprili 1969. Watu wakisikia habari ya kifungu kile hucheka, kisha hawaulizi zaidi, na hivyo mtu aliyefanya kazi kubwa kwa miaka kumi na mitano amebaki kuwa kichekesho. Mimi naona si haki. Tena naona kwamba kifungu chenyewe, ukikisoma kwa makini, chaeleza mengi juu ya kazi ya mchezaji wa kulipwa kuliko mabao kumi ya kwenye picha.

Kwanza nieleze kwa nini nimemchagua yeye. Bwenini kwetu kuna ubishi usiokwisha. Wako wanaosema kwamba mchezaji anayehama timu hii kwenda timu ile ni mtu wa tamaa, hana kwao, na kwamba mchezaji wa kweli ni yule anayezeeka na jezi moja. Wako wengine wanaosema kwamba mpira ni kazi kama kazi nyingine, na fundi huenda penye kazi. Ubishi huu huanza baada ya chakula cha jioni na humalizwa na kengele ya kuzima taa. Sasa Schwarz alichezea klabu sita katika nchi tano: Malmö FF ya kwao Uswidi, Benfica ya Ureno, Arsenal ya Uingereza, Fiorentina ya Italia, Valencia ya Hispania, kisha akarudi Uingereza kwa Sunderland. Ikiwa kuhama ni tamaa, basi huyu alikuwa mlafi. Lakini nimezifuata safari zake moja baada ya moja na sikuona ulafi. Niliona mtu aliyekuwa akiitwa.

Alikuwa akiitwa kufanya nini? Hapa napenda wazazi wetu wasomao gazeti hili wanisikilize, kwa sababu wengi wao wakija kututazama siku ya michezo huwatazama mafowadi tu. Schwarz alikuwa hafu, yaani kiungo, yule anayesimama katikati ya mabeki na washambuliaji. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumnyang'anya adui mpira kabla haujawafikia mabeki wake. Kazi ya pili ilikuwa kuupeleka mpira ule kwa mwenzake bila kuupoteza, na hapa alikuwa na mali ambayo makocha wanaitafuta kwa taa: mguu wa kushoto wenye nguvu na shabaha. Timu ikiwa na viungo wa mguu wa kulia watupu, mchezo wake huelekea upande mmoja kama mashua iliyopakiwa vibaya. Mtu wa kushoto huuweka sawa. Ndiyo maana mara nyingine makocha walimtumia Schwarz hata kama beki wa kushoto. Kazi hizi mbili hazitii jina la mtu katika orodha ya wafungaji. Katika mechi 69 alizoichezea nchi yake, Schwarz alifunga mabao 6 tu. Anayehesabu mabao atasema huyu hakuwa kitu.

Malmö ni mji wa bandari kusini kabisa ya Uswidi, na wakati Schwarz alipokuwa kijana klabu yake ilikuwa ikifundishwa na Mwingereza mmoja, Roy Hodgson. Bwana huyu aliwafundisha Waswidi kujipanga: mabeki wanne mstari mmoja, viungo wanne mstari wa pili, na mistari hiyo miwili isogee pamoja, mbele na nyuma, bila mtu kuachwa peke yake. Huko Uswidi wako waliolalamika kwamba inaua uzuri wa mchezo. Malmö ilichukua ubingwa mwaka 1988 na kombe la nchi mwaka 1989. Katika mwaka huo wa 1989 iliitoa Inter ya Milano katika Kombe la Mabingwa wa Ulaya, bao 1 kwa 0 nyumbani na sare ya 1 kwa 1 ugenini, na hiyo Inter ilikuwa bingwa wa Italia yenye Wajerumani watatu mashuhuri, Matthäus, Brehme na Klinsmann. Kijana aliyelelewa katika mpango wa namna hiyo hujifunza jambo moja mapema, yaani kwamba mahali pa kusimama ni muhimu kuliko mbio. Elimu hiyo haina lugha. Unaweza kuibeba mpaka Ureno na Italia, na haitaki mkalimani.

Alikwenda Ureno, kwa Benfica ya Lisbon, katika msimu wa 1990 na 1991. Kocha wake huko alikuwa Mswidi mwenziwe, Sven-Göran Eriksson, na katikati ya uwanja alimkuta Mswidi mwingine, Jonas Thern. Walitwaa ubingwa wa Ureno msimu huo huo, kisha kombe la nchi mwaka 1993, kisha ubingwa tena mwaka 1994. Miaka hiyo ya Lisbon naipita upesi, ingawa yeye mwenyewe bila shaka hakuiona mifupi, kwa sababu kuna jambo lililotukia mahali pengine ambalo naliona zito zaidi.

Nalo ni habari ya timu ya taifa. Mwaka 1992 mashindano ya mataifa ya Ulaya yalifanyika Uswidi kwenyewe. Waswidi, mbele ya watu wao, waliishinda Uingereza na kuingia nusu fainali kuonana na Ujerumani. Schwarz hakucheza nusu fainali hiyo. Alikuwa amekusanya kadi za njano, na sheria ikamweka nje. Uswidi ikafungwa 3 kwa 2. Miaka miwili baadaye, katika Kombe la Dunia la 1994 huko Marekani, Uswidi ilikutana na Romania katika robo fainali. Mpaka dakika 90 walikuwa sare 1 kwa 1. Katika muda wa nyongeza Romania ilipata bao la pili, na mara tu baada ya hapo Schwarz akapewa kadi ya njano ya pili, maana yake nyekundu, akatoka. Fikirini hali ilivyokuwa: timu imefungwa, watu wamebaki kumi, jua la California linawaka, na mtu wa kuziba katikati ameondoka. Lakini katika dakika ya 115 Kennet Andersson, fowadi mrefu, aliupiga kichwa mpira ukaingia. Zikaja penalti, na golikipa Thomas Ravelli akaokoa mbili. Uswidi ikapita.

Nusu fainali ilikuwa na Brazili, na Schwarz kwa mara ya pili alikuwa nje kwa sababu ya kadi. Katika mechi hiyo nahodha Thern naye alitolewa kwa kadi nyekundu katika kipindi cha pili, na Romário akaifungia Brazili bao la pekee dakika ya 80. Uswidi ilimaliza ya tatu kwa kuifunga Bulgaria 4 kwa 0, na mpaka leo watu wa kwao huikumbuka timu ile kwa upendo mkubwa. Hata hivyo, tazameni: nchi yake iliingia nusu fainali mbili kubwa katika miaka miwili, na mtu huyu alizitazama zote mbili akiwa amekaa. Wenye kumlaumu wanasema alikuwa na pupa. Mimi nasema kwamba kadi hizo ni sehemu ya kazi yake. Aliyetumwa kuunyang'anya mpira kwa watu wanaojua kuuficha atachelewa nusu sekunde siku moja, na refa hahesabu mara mia moja alizowahi. Fowadi akikosea, mpira unapita pembeni na watu wanasema "Aaa!" Kiungo wa kukaba akikosea, anaandikwa jina.

Kiangazi hicho cha 1994 Arsenal ya London ilimnunua kwa pauni milioni 1.75. Alikaa msimu mmoja tu, lakini ulikuwa msimu wa maajabu na misiba. Februari 1995 kocha George Graham, aliyemleta, aliachishwa kazi kwa sababu ya fedha alizozipokea kutoka kwa wakala katika ununuzi wa wachezaji wengine. Timu ikaenda ikiyumba katika ligi, huku katika Kombe la Washindi la Ulaya ikizidi kusonga mbele. Nusu fainali ilikuwa na Sampdoria ya Genoa. Arsenal ilishinda nyumbani 3 kwa 2. Huko Genoa mambo yakaharibika: zikiwa zimebaki dakika chache, Sampdoria ilikuwa mbele 3 kwa 1, na hayo yalitosha kuwatoa Waingereza. Ndipo Arsenal wakapata mpira wa adhabu mbali na goli. Schwarz akaupiga kwa mguu wake wa kushoto, chini, ukapita katikati ya watu na kuingia. Jumla ikawa 5 kwa 5, zikapigwa penalti, golikipa David Seaman akaokoa tatu, Arsenal ikaingia fainali.

Mnajua aliyekuwa kocha wa Sampdoria jioni ile ni nani? Sven-Göran Eriksson, mwalimu wake wa Lisbon. Kuhama kwingi kuna mambo yake: kila utakapokwenda utamkuta mtu uliyekula naye.

Fainali ilichezwa Paris tarehe 10 Mei 1995 dhidi ya Zaragoza ya Hispania. Sekunde za mwisho za muda wa nyongeza, 1 kwa 1, kila mtu akingojea penalti, kiungo wa Zaragoza aitwaye Nayim aliuinua mpira kutoka karibu na mstari wa pembeni, mbali kiasi cha mita 40, ukapaa juu ya Seaman na kuanguka wavuni. Hapakuwa na muda wa kujibu.

Hapa niache mpira kidogo nieleze sheria, kwa maana bila sheria hatuwezi kuelewa safari yake inayofuata. Zamani mchezaji wa Ulaya, hata mkataba wake ulipokwisha kabisa, hakuweza kwenda klabu nyingine mpaka klabu mpya ilipe ada kwa ile ya zamani. Kadhalika kulikuwa na idadi ya wageni: katika mashindano ya Ulaya timu haikuweza kuchezesha wageni zaidi ya watatu, ukiacha wawili waliokuwa wameishi nchini muda mrefu. Schwarz alipokuwa Lisbon alikuwa mgeni katika hesabu hiyo, na kila mgeni ilibidi awe bora kuliko mwenyeji, la sivyo nafasi yake imepotea bure. Kisha mchezaji mmoja wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman, ambaye mkataba wake na klabu ya Liège ulikuwa umekwisha na akazuiwa kwenda Dunkerque ya Ufaransa, alipeleka shauri mahakamani. Alipigania kwa miaka mitano. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya huko Luxembourg ikaamua kwamba mchezaji ni mfanyakazi kama mwashi au karani. Mkataba ukiisha yuko huru, na raia wa nchi moja ya Umoja wa Ulaya asihesabiwe mgeni katika nchi nyingine ya Umoja huo. Uswidi ilikuwa imejiunga na Umoja tarehe 1 Januari mwaka huo huo. Kwa hiyo Schwarz, aliyehamia Italia katika kiangazi cha 1995, alivuka mpaka akiwa mgeni na baada ya miezi michache akawa mfanyakazi mwenye haki. Bosman mwenyewe hakufaidi sana. Miguu yake ilikuwa imepitwa na wakati mashauri yalipokwisha. Waliofaidi ni wenziwe.

Klabu ya Italia ilikuwa Fiorentina, ya mji wa Firenze, yenye jezi za zambarau. Mbele alikuwapo Gabriel Batistuta wa Argentina, nyuma yake Rui Costa, Mreno fundi wa pasi. Watu wawili wa namna hiyo wakicheza pamoja, lazima awepo wa tatu nyuma yao wa kuchimba na kubeba. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naona Schwarz alilishika jembe siku ya kwanza. Mwaka 1996 Fiorentina ilitwaa Kombe la Italia, la kwanza kwao tangu 1975, kwa kuishinda Atalanta mara mbili, na Agosti mwaka huo ikaifunga Milan, bingwa wa nchi, 2 kwa 1 huko huko Milano, mabao yote mawili ya Batistuta. Msimu uliofuata walifika nusu fainali ya Kombe la Washindi wakatolewa na Barcelona.

Kocha wa Fiorentina alipomleta alikuwa Claudio Ranieri. Ranieri alipohamia Valencia ya Hispania, haukupita muda naye Schwarz akafuata, mwaka 1998. Jambo hili wale wa upande wa "tamaa" wangelitazama. Kocha aliyekwisha kumfundisha mtu kwa miaka, anayejua anaamka saa ngapi na anakaaje siku timu imefungwa, akienda nchi nyingine anamwita mtu yule yule. Hakumwita kwa kumhurumia. Msimu huo Valencia ilimaliza ya nne katika ligi, na tarehe 26 Juni 1999 huko Sevilla ikaifunga Atlético Madrid 3 kwa 0 na kuchukua Kombe la Mfalme, la kwanza kwao baada ya miaka ishirini. Kwa kazi ya mwaka huo wa 1999 Schwarz alipewa kwao Mpira wa Dhahabu, tuzo la mchezaji bora wa Uswidi. Ikumbukwe pia kwamba katika kugombea nafasi ya kwenda mashindano ya Ulaya ya 2000, Uswidi ilicheza mechi nane ikafungwa bao 1 tu, tena na Uingereza katika mechi ambayo Uswidi ilishinda 2 kwa 1. Waliotoa tuzo hawakuwatazama wafungaji. Walimtazama mtu aliyesimama mbele ya mlango.

Sasa tumefika Sunderland. Ranieri alikuwa ameondoka Valencia. Sunderland ilikuwa imetoka kushinda daraja la pili kwa pointi 105 na kupanda ligi kuu, na kocha wake Peter Reid alitaka mtu aliyeiona dunia. Klabu ililipa karibu pauni milioni 4, fedha nyingi kuliko ilizopata kumlipia mchezaji yeyote mpaka siku hiyo. Schwarz alikuwa na umri wa miaka 30.

Mji wa Sunderland ni mji wa zamani wa meli na makaa ya mawe. Uwanja wa klabu, uliofunguliwa mwaka 1997, umejengwa pale palipokuwa na mgodi wa Monkwearmouth, na unaitwa Uwanja wa Nuru kwa heshima ya taa waliyoichukua wachimbaji walipokuwa wakishuka gizani. Na uwanja wa Benfica kule Lisbon? Nao huitwa Luz, yaani Nuru, kwa jina la mtaa ule na kanisa lake la Mama Yetu wa Nuru. Mtu mmoja, nyumbani kwake kuwili kwa kazi kuliitwa jina moja, na hakuna aliyepanga.

Basi ndiyo kikaandikwa kile kifungu. Sababu yake ilikuwa hivi: mmoja wa washauri wa Schwarz alikuwa amejiwekea nafasi katika safari ya abiria ya angani iliyotazamiwa kufanyika mwaka 2002. Wakuu wa klabu waliona kwamba pengine siku moja mchezaji wao naye angependa kwenda, wakaamua kufunga mlango mapema. Wenyewe walikiri kwamba kuna mzaha kidogo ndani yake. Lakini chini ya mzaha kuna hesabu.

Klabu inaponunua mchezaji, fedha ile huandikwa katika daftari kama mtu anunuavyo gari la biashara. Chukulia kwa mfano mchezaji wa pauni milioni 4 kwa mkataba wa miaka minne. Kila mwaka thamani yake katika daftari hupungua milioni 1, mpaka mwisho wa mkataba inabaki sifuri. Lakini gari likipinduka mwaka wa kwanza, hasara yote ni ya mwenye gari, na mshahara bado unakwenda. Kwa hiyo klabu nyingi huwakataza wachezaji wao kupanda pikipiki, kuteleza kwenye theluji ya milimani na kufanya michezo mingine ya hatari, na kampuni za bima nazo huuliza. Kifungu cha angani kilikuwa ndugu wa kifungu cha pikipiki, isipokuwa kilitazama juu zaidi. (Arsenal, katika kiangazi kile kile Schwarz alipoondoka, ilimchukua Dennis Bergkamp, Mholanzi ambaye aliogopa hata ndege ya kawaida, na ikamvumilia akisafiri kwa treni na motokaa. Klabu moja ina mtu asiyetaka kupaa, nyingine inaogopa mtu atakayepaa mno. Makarani wa mikataba wana kazi.)

Msimu wa kwanza Sunderland ilimaliza ya saba. Fowadi wake Kevin Phillips alifunga mabao 30 katika ligi, na magazeti yalijaa jina lake. Nyuma yake alikuwapo Schwarz, akifanya ile kazi isiyo na orodha.

Halafu, mwaka 2000, kabla ya mashindano ya Ulaya ya Ubelgiji na Uholanzi, akiichezea nchi yake, kano ya kisigino ilikatika. Hii ni ile kamba nene iliyo nyuma ya mguu, iungayo msuli wa shavu la mguu na mfupa wa kisigino, ambayo madaktari huiita kwa jina la Akile, shujaa wa hadithi za Wagiriki. Bila kano hiyo huwezi kusimama kwa vidole, seuze kukimbia. Hukatika mara nyingi bila kuguswa na mtu. Wengine husimulia kwamba waligeuka nyuma kuona nani aliyewapiga teke, wasimwone mtu. Kupona ni kazi ya miezi mingi, na mchezaji aliyepita miaka 30 hurudi akiwa amepungukiwa na hatua moja. Kwa kiungo wa kukaba hatua hiyo moja ndiyo maisha yake.

Hakwenda mashindano ya Ulaya. Uswidi, iliyokuwa imefungwa bao 1 katika mechi nane, ilicheza mechi tatu, ikafungwa mbili, ikatoka sare moja na kurudi nyumbani ikiwa ya mwisho katika kundi. Sisemi kwamba ni kwa kukosekana kwake peke yake, maana mpira ni wa watu kumi na mmoja. Nasema tu kwamba hesabu hizo mbili ziko karibu karibu katika kitabu.

Klabu yake ilikuwa imemkinga na roketi, na mguu ukaharibikia kwenye majani, katika kazi ile ile aliyonunuliwa kuifanya. Hakuna kifungu ambacho kingeweza kuandikwa juu ya hilo. Ukimkataza mchezaji kukimbia umemnunua wa nini?

Alirudi uwanjani. Mwaka 2001 Sunderland ikamaliza ya saba tena, kisha ikaanza kushuka: ya kumi na saba mwaka 2002, nafasi moja tu juu ya shimo, na mwaka 2003 ikawa ya mwisho kwa pointi 19 ikatolewa ligi kuu. Mwaka huo Schwarz aliacha mpira.

Ile safari ya 2002 ya mshauri wake haikuondoka. Hata hivyo mwaka huo huo, tarehe 25 Aprili 2002, mtu mmoja aliyelipa nauli yake mwenyewe alipaa kwa roketi ya Warusi akaenda kukaa siku kadhaa katika kituo cha kimataifa cha angani. Alikuwa Mark Shuttleworth, kijana wa Afrika Kusini. Schwarz wakati huo alikuwa bado mchezaji wa Sunderland, na kifungu chake kingali kikifanya kazi.